Uongo mmoja tu: namna ya kupiga picha za giza zenye kilichokukaa moyoni

Wanaonijia studio wakitaka niwafundishe picha za giza huja na simu zilizojaa mifano. Msichana wa gauni jeupe ndani ya ukungu. Kunguru. Mkono unaotoka ukutani. Nikiwauliza, "Na wewe mwenyewe una nini?" wananyamaza kidogo, kisha wanasema, "Dada, nataka tu iwe ya huzuni." Picha imeshaharibika hapo, na kamera haijatoka hata kwenye begi. Huzuni haina umbo, na lenzi inataka kitu.

Mimi ni mpiga picha wa Ngamiani, Tanga. Mchana napiga pasipoti, vitambulisho vya wanafunzi na mabibi harusi waliopakwa hina hadi viwikoni. Studio ikifungwa nasogeza meza, najipiga mwenyewe. Sikuuanzisha mimi mtindo huu. Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na filamu iliyobaki baada ya wateja kuondoka alijipigia picha zake mwenyewe usiku. Filamu siku hizi haibaki, ila chumba kinabaki, taa inabaki na pazia la nyuma linabaki. Vinatosha kabisa.

Anza na karatasi

Andika sentensi moja kuhusu kinachokusumbua, na usitaje hisia yoyote. Huzuni, upweke, hofu, maumivu: maneno hayo yote marufuku. Andika kinachotokea. Nani anafanya nini, kwa kiungo gani cha mwili, na karibu yake kuna kitu gani.

Sentensi yangu ya mwaka ule mama alipopata kiharusi ilikuwa hivi: "Mama ananitazama, mdomo unacheza, neno halitoki, namalizia mimi na nakosea." Nilipoisoma mara ya pili niliona hapo hapana huzuni. Ni hasira, tena ya kitoto, ya kumtaka mtu aseme haraka. Na hilo linabadilisha kila kitu kinachofuata, kwa sababu hasira haipigwi kama huzuni. Huzuni inavumilia ukungu na mwanga laini. Hasira inataka mwanga mkali wa upande mmoja na kitu chenye ncha.

Kitu chenyewe kitafute ndani ya maisha yale yale yaliyoleta sentensi. Usikitafute kwenye simu. Mama yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, akipanga katani kwa madaraja, na jioni alirudi na singa zimenasa kwenye kanga. Kwa hiyo kitu changu kilikuwa katani. Cha kwako kinaweza kuwa funguo za nyumba mliyohamishwa, sare ya shule ya mtu aliyeacha shule, nyavu, risiti za hospitali. Kadiri kinavyokuwa cha kawaida ndivyo kinavyotisha zaidi kikikaa mahali pasipo pake.

Sasa weka uongo wako, na uwe mmoja tu. Badilisha jambo moja ambalo dunia hairuhusu, mengine yote yaache yalivyo. Katika picha yangu, mdomoni hayatoki maneno, zinatoka singa za katani, ndefu, zinavutwa na mtu asiyeonekana. Kiti ni cha plastiki, kile kile cha wateja. Kanga ni ya mama. Ningeongeza mbawa, na saa iliyoyeyuka, na samaki anayeelea, mtazamaji asingejua aogope kipi. Hapa ndipo ninapogombana na vijana wengi wa programu za kuunganisha picha: wanadhani ajabu inaongezeka kwa idadi.

Kanuni hii ni ya zamani karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mfaransa Hippolyte Bayard alikuwa amebuni njia yake ya kupata picha moja kwa moja juu ya karatasi, lakini sifa na pensheni ya serikali zikaenda kwa Daguerre, Mfaransa mwenzake aliyekuwa na njia yake nyingine ya kupata picha. Mwaka 1840 akajipiga kifua wazi, macho yamefumba, mwili umelegea kama maiti, na nyuma ya picha akaandika kwamba huyo ni Bayard, aliyejitosa majini baada ya kudhulumiwa. Uso na mikono yake vilitoka vyeusi kuliko kifua, na mwenyewe akaandika kwa kejeli kwamba vimeanza kuoza. Pembeni kuna kofia kubwa ya majani, kofia ya kawaida tu. Uongo ni mmoja: amekufa. Aliishi hadi 1887. Na angalia ufundi wake. Njia yake ilimtaka mtu akae muda mrefu bila kutikisika, kwa hiyo macho yaliyofumba yalimsaidia kuigiza na yakamsaidia kupata picha.

Giza linatengenezwa kwa umbali

Kuzima taa zote kunakupa picha chafu yenye chengachenga. Unachotaka ni mwanga kidogo ulio karibu na wewe na ulio mbali na ukuta. Weka taa nusu mita kutoka usoni, na pazia la nyuma liwe mita 2 kutoka kwenye taa. Umbali umekuwa mara nne, na mwanga unaofika kwenye pazia ni sehemu 1 kati ya 16 ya ule ulio usoni. Pazia linazama lenyewe. Ukisimama umeligusa pazia, hata uwe nalo jeusi namna gani, litaonekana kijivu na kila mkunjo utahesabika.

Kwa pazia, nunua kaniki. Satini nyeusi inang'aa na inakusaliti. Kaniki inakunywa mwanga, bei yake ndogo, na ukimaliza unaifua. Ipige pasi kwanza.

Taa yangu ni tochi ya kuchaji yenye balbu za LED. Kwa picha laini naifunika kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara tatu au nne. Kwa hasira niliiacha uchi, nikaiweka kando kabisa, usawa wa sikio, ili nusu ya uso ipotee. Ukikosa taa tumia mlango: ufungue kwa upana wa kiganja saa za mchana, simama nao ubavuni, na uzibe madirisha mengine kwa blanketi. Ule mwanga mwembamba ni mzuri kuliko flashi nyingi za dukani.

Ngozi yetu nyeusi mbele ya kaniki nyeusi inahitaji akili. Usiongeze mwanga hadi uso uwe kama wa mtu mwingine; umbo la ngozi nyeusi linajengwa na mng'ao. Paka mafuta ya nazi kidogo kwenye paji la uso, mifupa ya mashavu, mabega na vidole, kisha sogeza taa nyuma kidogo ya mstari wa sikio. Utaona ukingo wa uso unachorwa kwa mstari mmoja wa mwanga, na kila kilicho ndani ya mstari huo kinabaki giza lenye uhai. Poda ya harusi iache kabisa, inaua kila kitu hapa.

Sekunde

Kamera iwe juu ya stendi, isiguswe. Weka kila kitu kwa mkono: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 (kipimo cha upana wake), na shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga, kuanzia sekunde 2. Picha ikiwa nyeusi mno ongeza sekunde kabla ya kupandisha ISO. Simu nyingi zina hali inayoitwa Pro inayokuruhusu kuchagua muda huo; ibane simu kwenye stendi ndogo na tumia taima ya sekunde 10. Hifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi, kama kifaa kinaruhusu, kwani vivuli vya JPEG, faili la kawaida lililobanwa, vikiongezwa mwanga kidogo tu vinachanika.

Fokasi, yaani kuifanya picha itoke kali bila ukungu, gizani ni shida, na ukiwa peke yako ni shida mbili. Dawa yake ni ufagio: usimamishe pale utakapokaa, mulika mpini kwa tochi, weka fokasi hapo, kisha zima fokasi ya kujiendesha ili isihangaike tena. Toa ufagio, kaa wewe. Kioo cha kamera usikiamini chumba kikiwa na giza, kila picha itaonekana nzuri; fungua histogramu, ule mchoro wa mlima unaoonesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Mlima ukibanwa wote ukutani upande wa kushoto, hujapata picha.

Hapa kuna mchezo ninaoupenda kuliko yote. Weka shata sekunde 8. Kaa kitini bila kupumua kwa nguvu kwa sekunde 5, kisha inuka utoke kwenye fremu. Kiti kitaonekana kupitia kifua chako, kwa sababu kamera imekuandika wewe kwa sekunde 5, na kiti ulichokuwa umekificha kwa zile 3 zilizobaki. Ukibadilisha hesabu unabadilisha maana: sekunde 2 za kukaa na wewe ni fununu tu, 6 na wewe ni mtu anayeanza kuondoka. Nguo nyeupe inajiandika haraka kuliko nyeusi, kwa hiyo ukivaa kanzu na kichwa kikiwa gizani, kanzu itakaa peke yake kitini.

Aliyejua hesabu hii vizuri ni Mmarekani Francesca Woodman. Alizaliwa 1958, na picha zake nyingi za ujanani alizipiga ndani ya nyumba zilizochakaa huko Providence, mwili wake ukififia kwenye ukuta au kujificha nyuma ya karatasi za ukutani zilizobanduka. Alijiua mwaka 1981 akiwa na miaka 22, na watu wanapenda kusoma kifo chake ndani ya kila fremu. Mimi nikizitazama naona fundi aliyepanga, aliyepima, aliyejua mguu utulie na kichwa kitikisike. Hisia haikumwondolea nidhamu.

Njia nyingine, kama una flashi inayoshikwa mkononi: zima kila taa, fungua shata sekunde 8, tazama mbele na bonyeza flashi mara moja. Geuza uso upande, bonyeza tena. Kwa kuwa katikati kulikuwa na giza, kamera haikuona ukigeuka; itaona kichwa kimoja chenye nyuso mbili. Hakuna programu iliyohusika. Wateja wangu hawaamini mpaka niwaoneshe mbele yao.

Katani mdomoni, na mambo mengine yanayoweza kukudhuru

Katani kavu inakwaruza ulimi. Niliiosha, nikailoweka, nikaichana, kisha fungu dogo nikalifunga kwa uzi na kulibana kwa meno ya mbele. Isiingie kooni hata kidogo. Kijana anayenisaidia alikaa nje ya fremu akivuta ncha ya pili, taratibu, wakati shata iko wazi sekunde 2. Nikabonyeza flashi ya pembeni mwanzoni. Flashi ilizishika singa zikiwa kali kama sindano, na zile sekunde zilizobaki zikaongeza mtetemo. Mdomo ulitulia kabisa. Nilitaka ionekane kwamba nguvu yote iko upande usioonekana.

Mshumaa na kibatari usivikaribishe karibu na katani, nywele za bandia wala chandarua. Vinashika moto kabla hujamaliza kushangaa. Ukitaka rangi ya moto, funika tochi kwa karatasi ya pipi ya rangi ya chungwa. Moshi nao una masharti. Chetezo cha ubani karibu na dirisha lililo wazi kinatosha, na moshi utaonekana tu kama taa iko nyuma yake. Ukiumulika kwa mbele unapotea. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usithubutu kabisa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu waliodhani wanaota moto.

Halafu kuna majirani. Mtu anayefunga studio usiku, anatoa mwanga wa kumulika na kuzima, na asubuhi anaanika singa nyeupe kwenye kamba, hapa mjini kwetu ataitwa jina. Mama wa nyumba ya pili alinisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya manywele ya nani?"

Nikamwingiza ndani, nikamwonesha katani, kamera na picha. Alicheka, kisha akaitazama muda mrefu, akasema, "Ndivyo anavyofanya mama yako." Tangu hapo yeye ndiye anayewaeleza wengine. Nakushauri utafute mtu wa namna hiyo mapema, mzee anayesikilizwa, kabla maneno hayajatembea.

Yapo nisiyoyapiga. Sanda na jeneza havikai kwenye fremu zangu, kwa sababu mtaani kwetu kuna mtu aliyezika wiki hii, na kwake hivyo si vifaa vya maigizo. Makaburini siingii na stendi bila ruhusa ya wenyewe. Na mtu mwenye ualbino simfanyi mzimu wala malaika, hata akikubali, hata picha iwe nzuri vipi. Katika nchi ambayo watu wamewawinda binadamu wenzao kwa imani kama hizo, picha ya namna hiyo inawasaidia wawindaji.

Mama hayumo kwenye ile picha. Wakati ule hakuwa na njia ya kunikubalia au kunikatalia, basi nikauvaa mdomo wake mimi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kujipiga mwenyewe: unaweza kwenda mbali bila kumburuta mtu.

Na kama sentensi uliyoandika mwanzo inasema hutaki kuendelea kuishi, kamera iweke chini. Usiku huo huo mwambie mtu anayeweza kuja kukaa nawe, au nenda hospitali. Picha itasubiri.

Kuunganisha

Uongo wako ukishindwa kupatikana ndani ya fremu moja, ndipo uende kwenye programu. Mpiga picha Mmarekani Jerry Uelsmann alikuwa akiunganisha miti inayoelea na nyumba zenye mizizi ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha huko Florida, akihamisha karatasi moja kutoka mashine moja ya kukuzia picha hadi nyingine, miongo mitatu kabla programu ya Photoshop haijatoka mwaka 1990. Kwa hiyo usimsikilize anayesema kuunganisha ni udanganyifu wa kisasa.

Siri iko kwenye fremu tupu. Ukishaweka stendi, fokasi na taa, piga kwanza chumba bila mtu. Kisha jipige ukiwa umelala kifudifudi juu ya stuli, miguu na mikono imenyooka. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha isiyo na malipo, au programu yoyote yenye matabaka, yaani inayolaza picha moja juu ya nyingine, weka picha ya mtu juu ya picha tupu na ufute stuli. Chini yake kitatokea chumba. Unaelea. Stendi ikisogea hata unywele kati ya picha hizo mbili utaihangaikia hadi alfajiri.

Kinachowaumbua wengi ni kivuli. Mtu anayeelea ana kivuli chini yake, kimetengana na mwili, na upande wake unalingana na taa. Ukifuta stuli ukafuta na kivuli chote kilicho chini yako, jicho litajua kuna kasoro hata kama mtazamaji hawezi kuitaja. Acha kivuli cha mwili, ondoa cha miguu ya stuli.

Kwenye rangi napunguza tu, siongezi. Nyekundu ya kanga niliiacha, nyingine zote nikazishusha. Nyeusi usiisukume hadi sifuri kila mahali. Bakiza sehemu ambapo mtu akikaza macho ataona mshono wa kaniki au ukingo wa bega. Giza lenye kitu ndani yake linamfanya mtazamaji asogee.

Karatasi

Picha za giza zinaishi vibaya kwenye simu. Watu wanazitazama juani, kioo kimejaa alama za vidole, wanaona nyuso zao wenyewe. Chapisha, na isiwe ndogo kuliko sentimita 20 kwa 30, kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu karatasi ya kung'aa kwenye picha nyeusi ni kioo.

Karatasi haina taa nyuma yake, kwa hiyo kila picha hutoka nyeusi zaidi ya ulivyoiona kwenye kompyuta. Shusha mwanga wa kioo chako hadi nusu wakati wa kuhariri, kisha inua kidogo sehemu za katikati, zile za mashavu na mikono, bila kugusa nyeusi zenyewe. Kata kipande cha picha chenye uso, kichapishe kwanza kwa ukubwa wa postikadi, ukitazame dirishani na tena usiku chini ya taa ya sebuleni.

Na unapopeleka kazi maabara, simama na fundi. Mwambie azime marekebisho ya kujiendesha. Ile mashine imezoeshwa harusi na ubatizo. Ikikutana na fremu yenye giza robo tatu inadhani mpiga picha amekosea, inaing'arisha, kaniki inakuwa kijivu, na stuli uliyoifuta kwa saa mbili inaanza kuonekana tena. Fundi akikwambia, "Dada, hii imetoka nyeusi," mjibu kwamba ndivyo ilivyo, na umlipe.